Rukhsa ya Kusimamisha Jiwe Njia Panda



Wahenga wetu walisema: zumari ikipigwa Unguja, wacheza walio maziwani. Methali hii twaipenda sana, na kila mtu wa visiwa hivi akitaka kujitukuza mbele ya wageni huanza nayo. Lakini ni wachache waulizao zumari hiyo ilifikaje huko maziwani. Haikuruka angani. Ilichukuliwa kichwani na begani, kutoka pwani hata Tabora, na kutoka Tabora hata Ujiji, na aliyeichukua alikuwa mpagazi, ambaye jina lake hatukuliona limeandikwa katika jiwe lolote tulilolikuta njiani.

Leo twataka kusema juu ya mtu huyo, na pamoja naye juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana dogo. Nalo ni rukhsa itolewayo na baraza la mji kwa mwenye kutaka kuweka kazi ya sanaa mahali pa watu wote, ikiwa ni sanamu, au nguzo, au ukuta wa nakshi, au birika la maji. Msomaji atasema: "Watu wanalia bei ya mchele, na hawa watuletea khabari za mawe!" Nasi twamjibu kwa heshima kwamba jiwe lisimamalo njia panda ndilo liwafundishalo watoto nani alikuwa mtu wa maana na nani hakuwa. Mchele huliwa ukesha. Jiwe hubaki, na kila apitaye hulisoma.

Sisi ni watu wa duka. Elimu yetu ni ya chuoni, ya ubao na juzuu, wala hatudai kuwa mawakili. Ila biashara ya asali ilitufikisha Tabora, na Tabora kwa mtu wa Unguja au Pemba si ugenini. Ukiswali msikitini utasikia majina kama ya kwetu. Ukitembea mjini utapita chini ya miembe mikubwa ambayo wenyeji huihusisha na zama za misafara. Huko ndiko Burton na Speke walikofika Novemba 1857, wakapokewa na wafanyaji biashara wa Kiarabu mahali palipokuwa pakiitwa Kaze. Huko ndiko Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alikokuwa na makazi yake, Ituru. Na huko ndiko Mtemi Isike wa Unyanyembe alikopigana na Wajarumani, hata Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, akaitia moto ghala ya baruti naye mwenyewe akiwamo ndani.

Tulikwenda pia Kwihara, nje kidogo ya mji, tukaliona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja watu na vyakula kutoka pwani. Tembe hilo limejengwa upya na latunzwa, nasi hatuna ubaya na jambo hilo, kwani khabari iliyohifadhiwa ni kheri kuliko iliyopotea. Ujiji nako lipo jiwe lenye ramani ya Afrika na alama ya msalaba, mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Basi mgeni aliyepita ana ukumbusho, na mgeni aliyemtafuta mgeni mwenziwe naye ana ukumbusho. Je, aliyewachukulia vitanda vyao, vyungu vyao, vitambaa vyao na vitabu vyao? Hata maiti ya Livingstone, alipofariki mwaka 1873, ilichukuliwa na watu wa Afrika, Susi na Chuma wakiwaongoza, ikapitishwa Unyanyembe hata ikafika Bagamoyo Februari 1874. Wawili hao angalau majina yao yamehifadhiwa. Wenzao wengi walipita kama vumbi la njia.

Na tuseme kwa lugha ya mizani, kwani hiyo ndiyo tuijuayo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu ya huo alichukua chungu chake, mkeka wake na posho yake. Kutoka Bagamoyo hata Tabora ni kiasi cha kilomita 800, mwendo wa miezi 3 hivi. Dukani kwetu mchele huja katika magunia ya kilo 25. Kulitoa gunia moja garini na kulifikisha ndani ni hatua ishirini tu, na mtu wa miaka arubaini na kitu akifika mlangoni hutafuta pa kukaa. Basi na apime kila mmoja wetu. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Na katika njia ile ile walipita watumwa, waliokuwa wakishushwa pwani kwa nguvu. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ndipo kazi ya kichwa na bega ilipoanza kufa katika njia hiyo.

Tusidhani kwamba huku kusahauliwa kulitokea kwa sadfa. Jiwe la hadharani halijisimamishi lenyewe. Lasimamishwa na mwenye rukhsa. Wajarumani walipotawala Dar es Salaam walisimamisha mwaka 1909 sanamu ya Wissmann, yule gavana aliyevuka bara hii na kisha akawapiga watu wa pwani. Yeye aliwekwa juu, na chini yake akawekwa askari wa Kiafrika akimtazama. Hapana mwananchi aliyeulizwa. Waingereza walipoingia mwaka 1916 waliiondoa. Ikarejeshwa Ujarumani, ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko huko wakaiangusha isisimame tena.

Mahali pa Wissmann, Waingereza waliweka mwaka 1927 sanamu ya Askari, ambayo ingaliko katikati ya mji hata leo. Tazameni jambo la ajabu. Maandishi ya ukumbusho huo yawataja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Lakini juu ya jiwe amesimama askari peke yake na bunduki yake. Nairobi yupo mpagazi aliyesimamishwa pamoja na askari. Dar es Salaam mpagazi amepewa maneno tu. Jina lake limebaki Kariakoo, ambako watu hununua vitunguu na viatu, na ni wachache wakumbukao kwamba jina hilo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Sasa tuje katika rukhsa yenyewe. Katika mji mmoja wa njia hiyo ya misafara, ambao hatuutaji kwa sababu aliyetusimulia alituomba tusiutaje, tulikutana na kijana fundi wa mawe na vyuma. Kijana huyu alitaka kuweka penye njia panda kitu kidogo: baraza ya mawe ya watu kupumzikia, na kando yake mzigo wa chuma wenye uzani wa frasila mbili kamili, na mpini wa kushikia, ili mtoto atokaye skuli ajaribu kuunyanyua na ajue kwa mkono wake babu yake alichukua nini. Hakuomba fedha. Mawe alikuwa nayo, na chuma alikwisha kukinunua. Aliomba mahali tu.

Akapeleka barua na mchoro. Ofisi ya kwanza ikamwambia jambo hili ni la utamaduni. Utamaduni ukamwambia ni la ardhi. Ardhi ikasema hapo ni hifadhi ya barabara, aende kwa wenye barabara. Wenye barabara wakasema wao hawakatai, ila walete barua ya baraza la mji. Akarudi masjala, akaambiwa faili halionekani. Akaandika tena. Ikapita kaskazi, ikapita kusi. Siku moja akapita penye njia panda yake akakuta mahali pale pale limesimamishwa bango la matangazo la soda, refu kuliko mwembe. Akauliza wenye bango walipata rukhsa kwa muda gani, akajibiwa kuwa walilipa ada. Kijana akatuambia: "Mzee, mimi sikukataliwa. Laiti ningekataliwa, ningejua la kufanya."

Neno hili lilitukaa moyoni. Kukataliwa ni hukumu, na hukumu ina rufaa. Lakini asiyejibiwa hana pa kushitaki, na hivyo ndivyo mtu mdogo anavyonyamazishwa bila ya yeyote kubeba dhambi ya kumnyamazisha.

Hata hivyo haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Sisi hatusemi kwamba kila mtu asimamishe apendalo mahali apendapo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, inayotumika Tanzania Bara, yamkataza mtu kuendeleza ardhi ya eneo la mipango bila ya kibali cha mamlaka ya mipango, na hilo ni jambo la akili. Hifadhi ya barabara ina sheria yake, ya mwaka huo huo wa 2007, kwani nguzo mbaya mahali pabaya huua wapanda baiskeli. Penye mambo ya kale ipo sheria tangu mwaka 1964, wala haifai mtu kupiga msumari penye tembe la Kwihara kwa kuwa ana mapenzi na historia. Aulizwe mhandisi kama jiwe litaanguka, aulizwe mwenye maji kama bomba limepita chini, na waulizwe jirani.

Na khasa jirani. Kenya mwaka 2024, mji wa Eldoret ulipokuwa ukijitayarisha kutangazwa kuwa jiji, zilisimamishwa sanamu za wanariadha ambao dunia nzima yawajua kwa mbio zao. Watu wakazitazama, wakacheka, kisha wakakasirika, maana hawakuwaona mashujaa wao katika sanamu zile. Na baada ya siku chache zikaondolewa. Mwaka huo huo iliwekwa Addis Ababa, mbele ya makao ya Umoja wa Afrika, sanamu ya Mwalimu Nyerere, naye Tabora ni mji wake kwa kusoma na kusomesha. Wananchi wakabishana mpaka barazani kama sura ile ni yake au ya mtu mwingine. Twajifunza nini? Kwamba mchoro ukibandikwa kwanza watu wakauona, aibu huishia katika karatasi. Ukifichwa mpaka siku ya kufunuliwa kitambaa, aibu huwa ya mji mzima na gharama yake pia.

Lipo na suala jengine ambalo sisi tuliosoma chuoni hatuwezi kulipita kimya. Wengi katika visiwa hivi, na wengi Tabora na Ujiji, hawapendi sanamu ya chenye roho isimamishwe. Hilo ni jambo la dini, nasi hatumtukani alishikaye wala hatumlazimishi asiyelishika. Tunalosema ni kuwa halizuii ukumbusho. Mabibi na mabwana wa miji yetu walijua kutia nakshi katika mlango hata mgeni akajua nyumba ni ya nani, bila ya kuchonga uso wa mtu. Mzigo wa chuma wa yule kijana hauna macho wala pua. Kisima hakina uso. Baraza haina uso. Laiti wenyeji wangeulizwa kabla, pengine wangechagua hivyo, na ukumbusho ungekuwa wa kutumika kila siku badala ya wa kutazamwa na watalii peke yao.

Na sasa, ndugu wanachama, tufike palipo na uchungu. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hiyo kuu ya watumwa na pembe katika orodha ya matazamio ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikataja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Sisi wa visiwani njia ile yatuhusu mwanzo na mwisho. Fedha zilizowatuma watu bara zilitoka kwetu, na watu walioshushwa kwa minyororo waliuzwa kwetu, hata soko lilipofungwa mwaka 1873. Nyumba ya Tippu Tip ingaliko Mji Mkongwe, na watu huonyeshwa. Palipokuwa na soko, Mkunazini, yapo tangu mwaka 1998 mawe ya ukumbusho yaliyochongwa na Clara Sörnäs, mwanamke wa Kiswidi: watu watano shimoni, minyororo shingoni. Yamo katika uwanja wa kanisa, na wengi wetu tumezaliwa na kukulia mjini hatujawahi kuingia kuyatazama.

Wapo miongoni mwetu wasemao tusiyafukue haya, kwani maadui zetu huyatumia kututukana. Twawaelewa, maana tumeonja matusi hayo. Lakini asiyetaka historia yake isemwe na mwengine na aiseme mwenyewe, nzima, pamoja na iliyo mbaya. Tukidai jiwe la mpagazi Tabora na tukaogopa jiwe la mtumwa kwetu, madai yetu yatakuwa ya uzani wa kuibia, nasi wauza duka twajua adhabu ya wanaopunja vipimo.

Basi twadai nini? Twadai mambo manne, na twawaomba madiwani wa chama chetu wayasimamie katika mabaraza yao, Unguja na Pemba, na wenzetu wa bara wayasimamie katika yao.

Kwanza, mlango uwe mmoja. Mwombaji apeleke barua na mchoro mahali pamoja, apewe stakabadhi yenye tarehe, na ofisi zenyewe ndizo zipelekeane faili, ikiwa ni ardhi, ikiwa ni barabara, ikiwa ni mambo ya kale, au kwetu Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Pili, mchoro ubandikwe mahali penyewe panapokusudiwa, kwa Kiswahili, pamoja na jina la mwenye kuomba na anayetoa fedha, na wenyeji wapewe siku za kutosha kusema wanalolipenda na wasilolipenda katika mkutano wa wazi.

Tatu, jibu litolewe kwa maandishi katika muda uliowekwa. Likiwa ni la kukataa, sababu iandikwe, na ya kurekebishwa itajwe.

Nne, ada ya jiwe la ukumbusho isipimwe kwa mizani moja na ada ya bango la soda. Mwenye bango anauza. Mwenye jiwe anatoa sadaka.

Tumebakiwa na neno moja, nalo twaliambia chama chetu wenyewe. Tumesikia vijana wetu barazani wakisema: "Siku yetu ikifika, kila mzunguko wa barabara utakuwa na picha ya viongozi wetu." Ndugu zetu, hilo ndilo alilolifanya Mjarumani. Yeye naye alikuwa na viongozi wake, na mahali walipo leo mmekwisha kupasikia. Ikiwa sheria tuitakayo ni ya kutufaa sisi tu tungali nje, basi hatutaki sheria, twataka zamu. Jiwe tutakalolisimamisha sisi nalo lipite mlango ule ule, libandikwe mchoro wake, na asiyetupenda apewe nafasi ya kusimama mkutanoni na kusema hapana.

Yule kijana wa njia panda tulimwacha akiwa na mzigo wake wa chuma uani, umefunikwa gunia. Tuliujaribu kuunyanyua. Tulifika nao magotini, tukautua. Akacheka akatuambia kwamba watoto wa mtaa wake huja kila jioni kuujaribu, na aliye wa kwanza kuufikisha begani hupewa embe. Kwa hiyo watu wamekwisha kuupokea ukumbusho wake. Lililosalia ni baraza la mji kufungua faili.

Tumesema tulilokuwa nalo. Lililo sawa katika maneno haya mlichukue, na lililo kosa mtusahihishe. Wabillahi tawfiq.